Usiniulize kama nimeelewa

Hapa Apple Valley theluji imeyeyuka, barabara ya Cedar imejaa mashimo kama kila mwaka majira haya, na mimi nimekaa kwenye meza yangu ya siku zote katika maktaba ya Galaxie nikisoma barua zenu.

Barua moja imenikaa moyoni. Msomaji wa Ohio, mama wa watoto watatu, anasema kazini kwake wamemchagua awe mkufunzi wa wafanyakazi wapya. Ameongezewa dola moja kwa saa. Atapelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili ya kufundisha wakufunzi, kisha atapewa cheti. Anauliza: "Dada, nitajuaje kama mafunzo hayo yana maana, au ni karatasi tu?"

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa na meneja wangu, na kabla hajaniuliza nilikuwa nimeshalijibu vibaya kwa sahihi yangu mwenyewe. Sijawahi kuwasimulia habari hii. Leo nitawasimulia, kwa sababu najua wengi wenu mko viwandani, kwenye maghala na kwenye nyumba za kulelea wazee, na zamu yenu ya kuitwa wakufunzi inakuja.

Kiwanda ninachofanya kazi kiko upande huu wa kusini wa Minneapolis. Jina lake nitalihifadhi. Tunapakia vyakula, na mimi niko kwenye mashine zinazofunga pakiti za plastiki kwa moto. Nilianza kwa kupanga maboksi mwishoni mwa mkanda. Miaka ikapita, nikawa naijua mashine ile kwa sauti yake. Ikianza kukohoa, najua plastiki imepinda kabla hata taa ya njano haijawaka. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu wageni wengi wanaoajiriwa siku hizi wanazungumza Kiswahili, nikachaguliwa kuwa mkufunzi wa zamu.

Tulikuwa wakufunzi sita. Kampuni ilitulipia siku mbili za mafunzo katika ukumbi wa hoteli, chakula kizuri, kahawa saa zote. Tulifundishwa jinsi watu wazima wanavyojifunza, jinsi ya kusimama mbele ya watu, jinsi ya kutengeneza slaidi, jinsi ya kuvunja ukimya kwa mchezo. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mcheshi. Mwishoni tukapewa fomu yenye maswali kumi, kila swali namba 1 hadi 5. Nilizungushia tano zote kumi. Ningempaje tatu mtu aliyenichekesha siku mbili nzima na kunisindikiza hadi mlangoni? Sisi tumelelewa hivyo. Mtu akikukirimu, humwambii chumvi ilipungua.

Wiki chache baadaye nikakabidhiwa mtu wa kumfundisha. Nitamwita Mwalimu, maana ndivyo tulivyomwita sote. Kwao Bukavu alifundisha hesabu sekondari kwa miaka mingi. Kwa umri ananizidi, lakini aliniita Mama, kwa adabu ya watu wa Kongo.

Nilimfundisha siku tatu. Nilimweleza kila kitu. Mashine ikikwama, kwanza bonyeza kitufe cha kusimamisha. Pili, zima swichi kuu. Tatu, weka kufuli lako kwenye swichi hiyo na funguo uutie mfukoni mwako, ili mtu mwingine asiweze kuiwasha wakati mkono wako uko ndani. Nne, jaribu kuiwasha, uhakikishe haiwaki. Baada ya hapo ndipo uingize mkono. Kila hatua nilimuuliza, "Umeelewa, Mwalimu?" Naye akajibu, "Nasikia, Mama." Siku ya tatu akafanya mtihani wa maswali kumi, akapata kumi. Mimi nikatia sahihi, naye akatia sahihi, karatasi ikaenda ofisini.

Wiki ya tatu, akiwa zamu ya usiku, plastiki ilijiviringisha ndani ya mashine. Alibonyeza kitufe, mkanda ukasimama, akaingiza mkono. Hakuzima swichi kuu, hakuweka kufuli. Mwenzake upande wa pili alidhani tatizo limekwisha, akawasha. Taya za kufungia zikashuka, zikashika ncha ya glovu. Mkono ulitoka, glovu ikabaki. Kesho yake Mwalimu alinionyesha vidole vyake vyote vitano, kimoja baada ya kingine, kama anayehesabu mbele ya darasa.

Alikuwa bado ndani ya siku 90 za majaribio. Ofisini mambo yalionekana mepesi: alifundishwa, alifaulu mtihani, alitia sahihi, basi kosa ni lake na kazi imekwisha. Karatasi zilikuwa kamili. Nilipoitwa kuzithibitisha, niliiona sahihi yangu chini ya maneno yanayosema kwamba mtu huyu anaweza kufanya kazi hii kwa usalama. Nilijiuliza nimejuaje. Sikuwahi kumwona akiifanya.

Jumamosi nikaenda kwao. Mke wake akanikaribisha chai, watoto wakasalimia wakaingia chumbani. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza kwa nini hakufuata hatua. Yeye akaniwahi, tena bila hasira.

"Mama, uliniuliza kama nasikia. Nilisikia. Hukuniambia nikuonyeshe."

Nikabaki na kikombe mkononi. Akaendelea: "Na kufuli lenyewe sijawahi kulishika. Uliniletea picha yake."

Ilikuwa kweli. Siku nilizomfundisha, kufuli zilikuwa zimefungiwa kwenye kabati la msimamizi, naye alikuwa kwenye kikao. Mashine yangu ilitakiwa kutoa idadi ileile ya maboksi kama siku nyingine, kwa hiyo sikuwa na muda wa kumsubiri. Nilimfundisha mtu kutumia kufuli kwa picha, na mtihani ukamuuliza kufuli linawekwa wapi. Alijibu sawasawa.

"Darasani kwangu," akasema, "mtoto aliyesema ameelewa ndiye niliyemwita ubaoni."

Wenzangu, tulitazame neno hilo, "nasikia". Kwa watu wa Kongo kusikia ni kusikia kwa sikio na pia ni kuelewa. Kwetu pwani na bara tunasema "nimeelewa", lakini mara nyingi tunamaanisha kitu kilekile alichomaanisha Mwalimu: nakuheshimu, endelea. Mkubwa akikuuliza kama umeelewa, kusema "hapana" ni kama kumwambia ameeleza vibaya. Kwa hiyo mkufunzi anayeuliza "umeelewa?" anapima adabu ya mtu. Hata fomu yangu ya tano kumi ilipima adabu yangu, na kampuni ikadhani imepima mafunzo.

Jumatatu niliandika barua kwenda ofisini. Niliandika kwamba sahihi yangu ilishuhudia jambo ambalo sikuliona. Niliogopa, nisiwafiche. Nilikuwa na kodi ya nyumba, na mwanangu alikuwa anaingia chuo. Uamuzi juu ya Mwalimu ukasimamishwa. Mimi nikasimamishwa ukufunzi, pamoja na ile dola yangu. Kisha meneja akaniita. Alisema: "Watu wale wa mafunzo wanataka kurudi kufundisha wakufunzi wengine. Fomu zenu zote zilisema tano. Sasa wewe unasema hayakufaa. Niandikie kurasa mbili. Tulipe tena au tusilipe?"

Hapo ndipo nilipoanza kuja kwenye meza hii ninayokaa leo.

Jambo la kwanza nililolipata ni kwamba swali langu ni la zamani. Kuanzia 1959, Donald Kirkpatrick wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, jimbo jirani yetu hapa, alichapisha makala zilizogawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne, na hadi leo wataalamu wa viwandani wanazitumia. Nitawaeleza kwa chapati.

Unamfundisha binti yako kupika chapati. Ngazi ya kwanza: je, alifurahia? Ya pili: je, amejifunza? Anaweza kukutajia unga, chumvi, maji ya uvuguvugu, na muda wa kuliacha donge lipumzike. Ya tatu: siku ambayo haupo, anazipika kama ulivyomfundisha? Ya nne: familia imekula chapati laini, na unga haukumwagwa jalalani? Fomu ya hotelini ilikuwa ngazi ya kwanza. Mtihani wa Mwalimu ulikuwa ngazi ya pili. Vidole vyake vilikuwa kwenye ngazi ya tatu, na huko hakuna aliyekwenda kuangalia.

Mafunzo ya wakufunzi yana ugumu wa ziada, maana wanafunzi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mimi, niliyekaa hotelini. Wa pili ni Mwalimu, ambaye hakufika hotelini kabisa. Ukitaka kujua kama pesa ilifanya kazi, huna budi kuangalia kama mimi nafundisha tofauti na zamani, kisha kama mikono ya Mwalimu inafanya kazi tofauti. Ukimuuliza mkufunzi peke yake, umeishia njiani.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilipoteza wanaume wenye ujuzi na kupokea watu wapya kwa wingi, wakiwemo wanawake ambao hawakuwahi kushika mashine. Serikali ikaanzisha mpango ulioitwa Training Within Industry, kuanzia 1940 hadi 1945. Mafunzo yake ya kufundisha kazi yalikuwa saa 10 tu, vipindi vitano vya saa mbili mbili. Kwa hiyo ufupi peke yake si kosa.

Katika mafunzo hayo mwalimu alimwita mshiriki mmoja afunge fundo la waya wa umeme. Kwanza alimweleza kwa maneno matupu, akashindwa. Kisha akamwonyesha tu bila kueleza, akashindwa tena. Ndipo akamfundisha kwa hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe ukimweleza, mwache afanye mwenyewe huku anakueleza anachofanya na kwa nini, kisha mwache aendelee lakini urudi kumwangalia. Vipindi vilivyofuata, kila mshiriki alileta kazi halisi ya kiwandani kwake na kumfundisha mtu mbele ya wenzake. Mpango mzima ulitoa vyeti kwa watu zaidi ya 1,600,000, na msimamo wake ulikuwa kwamba mwanafunzi asipojua, mwalimu hajafundisha. Baada ya vita mbinu hizo zilipelekwa Japani, na Toyota wakazichukua.

Sisi sita kule hotelini hatukufundisha mtu yeyote kitu chochote. Tulifundishwa kuhusu kufundisha.

Jambo la tatu sikulikuta maktaba. Nililikumbuka kutoka nyumbani. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima kwa redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu karibu 2,000,000 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadili malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi walikuwa karibu 75,000, na hakuna mtaalamu ambaye angeweza kuwafundisha wote ana kwa ana. Walifundishwa kwa ngazi: kundi la juu likafundisha la mikoani na wilayani, nalo likafundisha la chini yake, mpaka kijijini.

Baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi kule kwetu Singida. Mimi nilikuwa sijazaliwa, ila amenisimulia mara nyingi. Hatari ya ngazi ni kama ya chai inayoongezwa maji kila mgeni anapofika, maana wa mwisho hupata rangi tu. Nimesoma kwamba waliopima kampeni ile hawakuridhika na kuuliza kama viongozi walifurahia semina. Walikwenda kwenye nyumba za vijiji vilivyochaguliwa, kabla na baada, wakaangalia kama kuna choo na kama mazingira yamesafishwa. Baba alikuwa akisema, "Redio husema, lakini choo huonekana." Nimelisikia neno hilo utoto wangu wote, na bado nilitia sahihi karatasi ya Mwalimu.

Basi nikamwomba meneja ruhusa ya kufanya kitu kimoja. Nikatengeneza karatasi yenye hatua zile, nikaenda kwa watu tisa waliofundishwa na sisi sita, wa mchana na wa usiku, mwezi mmoja au zaidi baada ya kufundishwa. Mashine ilisimamishwa kwa ajili yetu. Sikumuuliza mtu kama anajua. Nilisema tu, "Imekwama sasa hivi. Nionyeshe."

Wote tisa waliweza kunitajia hatua zote kwa mdomo. Wanne tu ndio waliozifanya zote. Kati ya wale watano waliobaki, watatu walifika kwenye swichi kuu, wakasimama, wakaniangalia. Mmoja wao, dada wa Kikenya, akasema, "Kufuli nitatoa wapi saa hii, mamii?" Usiku kulikuwa na kufuli mbili kwa zamu nzima, ndani ya kabati, na funguo za kabati alikuwa nazo msimamizi anayezunguka majengo mawili.

Wasomaji, hapa nawaomba msimame nami kidogo. Nilikwenda nikitafuta kasoro ya mafunzo, nikakuta kasoro ya kabati. Kama ningeishia kusema "watano kati ya tisa walishindwa, mafunzo ni mabaya", ningewaonea wakufunzi. Kama ningesema "tatizo ni kufuli", ningewafichia wakufunzi. Niliwaangalia pia wenzangu wawili wakifundisha. Wote wawili walisimama wakieleza vizuri, kwa sauti nzuri, na mtu mpya akasimama mikono nyuma akitikisa kichwa. Ndivyo tulivyofundishwa hotelini: kueleza. Tathmini nzuri hutenganisha mambo matatu: mtu hajui, mtu anajua lakini hajawahi kufanya, na mtu anaweza lakini mahali pa kazi hapamruhusu. Kila moja lina dawa yake, na mafunzo ni dawa ya mawili ya kwanza tu.

Meneja alikuwa na hoja yake. Alinionyesha kwamba plastiki inayoharibika ilipungua mwezi uleule tuliotoka hotelini. Hiyo ni ngazi ya nne, akasema, ni matokeo. Nikaenda kuuliza mafundi. Mwezi huohuo mashine za mchana zilifungwa rola mpya, za usiku zikabaki na za zamani. Nikaangalia daftari la usiku, ambako watu walifundishwa na wakufunzi walewale. Huko plastiki iliharibika kama kawaida. Rola zilikuwa zimefanya kazi, na sisi tukapewa sifa. Nilimwambia hivyo kwa upole. Hakupenda, lakini alikuwa mtu wa hesabu, akakubali.

Nikaandika kurasa zangu mbili. Nilisema tulipe, kwa masharti manne. Moja, hakuna mkufunzi kupewa cheti mpaka amfundishe mtu kazi halisi, kwenye mashine halisi, mbele ya anayemkagua. Mbili, mkaguzi arudi baada ya siku 30 na tena baada ya siku 90, awaangalie waliofundishwa, asiishie kwa waliofundisha. Tatu, mkufunzi anapofundisha, apunguziwe idadi ya maboksi, na kila mfanyakazi awe na kufuli lake lenye jina lake. Nne, mtu afundishwe kwa lugha anayoielewa, na aonyeshe kwa mikono, siyo kwa maswali ya kuchagua.

Masharti hayo yana msingi. OSHA, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, ilitangaza mwaka 2010 kwamba mafunzo ya usalama yanayodaiwa na kanuni zake lazima yatolewe kwa lugha na maneno ambayo mfanyakazi anaweza kuyaelewa. Na kwa waendesha foklifti kanuni inataka maelezo, mazoezi kwa vitendo, na kisha kumwangalia mtu akiendesha mahali pake pa kazi. Naye hukaguliwa upya angalau mara moja kila miaka mitatu. Mimi sikuomba kitu kigeni. Niliomba mashine yetu ipewe heshima inayopewa foklifti.

Kampuni ilikubali kufuli, ikakubali mkufunzi akaguliwe akifundisha, ikakubali ukaguzi wa siku 30. Ule wa siku 90 waliuona ghali. Kupunguza maboksi walikataa kabisa, na mpaka leo mkufunzi akifundisha anakimbizana na mkanda. Sitawadanganya kwamba nilishinda. Wataalamu wale walirudi, safari hii kwa siku tatu, na ya tatu tulikuwa kwenye sakafu ya kiwanda tumevaa kofia na glovu. Fomu ya kufurahia ilikuwepo pia. Yule mtaalamu mcheshi nilimpa nne, tukacheka wote wawili.

Mwalimu hakufukuzwa. Walimwanzishia upya siku zake 90, akazimaliza. Mimi nilirudishiwa ukufunzi baada ya miezi miwili, lakini ilinibidi kwanza nikaguliwe kama wengine, nikimfundisha kijana mpya kutoka Kigoma. Mwalimu alikuwa kwenye mashine ya jirani, anajifanya hasikilizi. Nilipomaliza kuonyesha, ulimi ukawa tayari kusema "Umeelewa?" Nikaumeza. Nikampa kijana kufuli, nikarudi nyuma hatua mbili. Alikosea hatua ya nne, hakujaribu kuwasha. Tukarudia mpaka mara ya tatu. Saa ilikwenda, maboksi yakanipita, na siku ile sikutimiza idadi.

Sasa nakurudia wewe, mama wa Ohio. Kabla ya kuyakubali hayo mafunzo, uliza haya. Je, nitamfundisha mtu kweli nikiangaliwa, au nitasikiliza tu? Kazi tutakazofanyia mazoezi ni za kwetu au za mfano? Baada ya mwezi mmoja nani atakuja kuona wale niliowafundisha? Siku ninayofundisha, kazi yangu ya kawaida nani ataishika? Na vifaa vya kufundishia vitakuwa mkononi mwangu, au kwenye kabati la mtu? Wakikujibu vizuri matatu kati ya hayo, nenda ukajifunze kwa moyo. Wakishindwa yote, nenda pia, dola ni dola, lakini ujue kwamba sehemu iliyobaki ni juu yako. Na ukipewa karatasi ya kushuhudia kwamba mtu anaweza, usitie sahihi mpaka umemwona akifanya, hata kama msimamizi amesimama pembeni na kalamu.

Kwa mlio huku kwetu: tangu 1983 jimbo la Minnesota lina mpango wa Minnesota Job Skills Partnership, ambao hutoa ruzuku kwa chuo kinachoshirikiana na mwajiri kufundisha wafanyakazi wake. Mwajiri wako akisema mafunzo bora ni ghali, mtajie jina hilo. Chuo cha ufundi cha Dakota County kiko Rosemount, hatua chache kutoka hapa kwa gari. Na kama Kiingereza ndicho kinachokukwamisha, Wilaya ya Shule namba 196, inayohudumia Rosemount, Apple Valley na Eagan, ina madarasa ya watu wazima. Msione haya kwenda. Mwalimu mwenyewe, na mvi zake, alikaa kwenye dawati.

Nyumbani nako nimebadilika. Binti yangu wa mwisho akiniambia ameelewa hesabu, namkabidhi kalamu. Ananichukia kwa dakika kumi, kisha tunaendelea.

Mwezi ujao, inshallah, nitajibu barua zenu kuhusu bima ya afya mtu anapobadilisha kazi. Mpaka wakati huo, wasalimieni wa nyumbani.